Uzi: Vitabu vya kale vya tiba ya Kichina vinasema nini hasa? Tofauti na mnavyouziwa

Msoma Mikeka (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu haipiti wiki bila tangazo la "dawa ya Kichina, siri ya miaka 5,000". Presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, vyote vinamalizwa na chupa moja. Mimi nimesomea famasia, sehemu ya masomo nikiwa Chengdu, China, na vitabu vya kale vya Wachina tulivipitia darasani tupende tusipende. Nimeona nivieleze kama vilivyo. Yule muuza chupa angevifungua angekuta vinamsema yeye.

Kwanza hiyo 5,000 haipo. Kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote ni Huangdi Neijing, kinachobeba jina la Mfalme wa Manjano, mtu wa hadithi za kale. Maandishi yenyewe yalikusanywa enzi za ukoo wa kifalme wa Han, karne mbili tatu hivi kuzunguka kuzaliwa kwa Kristo. Mwandishi hajulikani, na ukisoma unaona wazi kuwa si mmoja, maana sura moja inakwenda huku na nyingine kule. Kina sehemu mbili, Suwen na Lingshu, kila moja ina sura 81. Na hata tunachosoma leo kimepita mikononi mwa wengi. Wang Bing, ofisa wa enzi za Tang, aliipanga upya Suwen na kuimaliza mwaka 762. Mwaka 1057 serikali ya Song ikafungua ofisi maalumu ya kusahihisha vitabu vya tiba, nao wakaipitia tena. Lingshu ndiyo ilikuwa na bahati mbaya: kwao ilishapotea, hadi nakala ikaletwa kutoka Korea karibu na mwaka 1093.

Kimeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo, mfalme akiuliza na mshauri wake Qibo akijibu. Sura ya kwanza ya Suwen inaanza na swali ambalo ungelisikia kwenye daladala leo asubuhi. Mfalme anasema: nasikia watu wa zamani walivuka miaka 100 na bado walikuwa na nguvu zao, lakini wa siku hizi wakigonga 50 wamekwisha. Nyakati zimebadilika, au watu ndio wamepotea njia? Sasa hao "wa siku hizi" wamekufa miaka 2,000 iliyopita!

Qibo hamung'unyi maneno. Wale wa zamani walikula na kunywa kwa kiasi, walilala na kuamka kwa mpango, hawakujichosha ovyo. Hawa wa sasa pombe wameifanya maji ya kunywa, wanaingia chumbani wamelewa, wanamaliza nguvu za mwili kwa tamaa, kulala kwao na kuamka hakuna ratiba. Hapo ndipo 50 inapowakuta wamechoka. Hajataja mzizi wowote.

Sura ya pili inafuata majira. Miezi ya machipuko lala umechelewa kidogo, amka mapema, tembea uwanjani nywele umeziachia. Miezi ya baridi kali lala mapema na usitoke mpaka jua lichomoze. Halafu inakuja kauli ambayo kila mwanafunzi wa tiba ya Kichina ameikariri: mwenye hekima hatibu kilichokwisha kuugua, anatibu kisichougua bado, kumpa mtu dawa ugonjwa ukishakomaa ni kama kuchimba kisima kiu ikishakushika, au kufua silaha vita vikishaanza.

Ugonjwa kwao una milango mingi: upepo, baridi, joto, unyevu, chakula, uchovu, na hisia. Sura ya 39 inasema hasira inaipandisha qi (ile nguvu wanayosema inazunguka mwilini), furaha inailegeza, huzuni inaipunguza, woga unaishusha chini, na mawazo mengi yanaifunga fundo. Qi huwezi kuipima maabara, mimi mwenyewe sijui nifanye nayo nini kama mfamasia. Lakini aliyeandika kwamba woga unashuka chini alikuwa amekaa na wagonjwa, si kwamba alibuni chumbani.

Nitaendelea. Karibuni.

Kichwa Ngumu

Mkuu umeandika vizuri ila mimi naona ni ushauri wa bibi tu. Usilewe, lala mapema, usikasirike. Hilo ndilo tulilosubiri kutoka China?

nesi_wa_zamu

Mimi hilo la woga kushuka chini nimelielewa kabisa. Wanaosubiri kuingia chumba cha upasuaji nawaona wanavyopishana chooni 😂 Endelea kaka.

Msoma Mikeka

@Kichwa Ngumu hoja yako nzuri, na ningekaa na Neijing peke yake ungenishinda. Hebu twende kaburini kwanza.

Mwaka 1972, mjini Changsha, walifukua kaburi la mama mmoja, mke wa kabaila mkubwa, pale Mawangdui. Mwili wake ulikuwa haujaoza, mpaka mbegu za tikiti zilikutwa tumboni. Mwaka uliofuata wakafungua kaburi namba 3, linalosadikiwa kuwa la mwanawe, lililofungwa mwaka 168 KK. Humo kulikuwa na sanduku la vitabu vilivyoandikwa kwenye hariri, na vingine vya tiba ambavyo dunia ilikuwa haijawahi kuvisikia. Kimoja kinaorodhesha maradhi 52 na dawa zake, karibu 280 hivi: majeraha, kuumwa na mbwa, bawasiri, vinundu vya ngozi, sumu ya utomvu wa mti wa rangi.

Kinachonivutia ni jinsi dawa na uganga vilivyolala ukurasa mmoja. Mstari huu unakuambia chemsha mmea fulani unywe, mstari unaofuata unakuambia piga hatua tatu za mfalme Yu (mwendo wa kichawi wa kuburuza mguu), tema mate, umtukane pepo. Hakuna anayeomba radhi kwa lolote kati ya hayo.

Halafu mishipa. Wanaochoma sindano leo watakuambia mishipa ya qi ni 12, tangu na tangu. Kwenye hariri za Mawangdui ni 11. Na hakuna sindano hata moja, mishipa hiyo inatibiwa kwa kuchomea majani makavu ya jamii ya pakanga juu ya ngozi. Ukija kwenye Lingshu mishipa imeshafika 12, imeungana mduara, na sindano zimetawala. Pale Chengdu, kwenye makaburi ya Laoguanshan yaliyofukuliwa 2012 na 2013, ilipatikana sanamu ya mti iliyopakwa rangi, fupi, kama sentimita 14, imechorwa mistari mekundu na meupe mwili mzima. Nimeiona makumbusho. Nayo haifanani sawasawa na vitabu.

Maana yake hakuna aliyeshushiwa. Walikuwa wanajaribu, wanabishana, wanaongeza, wanafuta. Suwen yenyewe inafika mahali inasema anayeng'ang'ania mapepo huna cha kuzungumza naye juu ya mambo ya juu. Hiyo ni kofi kwa watu kama yule aliyezikwa Mawangdui. Ukisikia mtu anasema "vitabu vya kale vya Kichina vinasema" muulize kipi, maana havisemi kitu kimoja.

Binti Chuini

Assalam alaikum. Kaka, huku kwetu Unguja wazee nao wana vyakula vya baridi na vya moto, mpaka mzazi akijifungua anachaguliwa. Ndiyo haya haya ya Wachina?

Msoma Mikeka

Waalaikum salaam dada. Hapana, ukoo mwingine. Hiyo ya kwenu imekuja na tiba ya Kiarabu, nayo imetoka kwa Wagiriki, tangu tabibu Galen hadi tabibu Ibn Sina: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, kila kimoja na joto lake au baridi yake. Wachina wana yin na yang (pande mbili zinazopingana na kukamilishana) na mambo matano (mti, moto, udongo, chuma, maji). Zinafanana kwa sura lakini kila moja ina mama yake.

Mzee wa Raskazone

Vijana, mmesahau kuuliza kama hao watu waliwahi kupasua mtu wakaona ndani. Mtu hawezi kuniambia habari za ini kama hajaliona.

Msoma Mikeka

Shikamoo mzee. Waliona, ila mara chache. Lingshu sura ya 12 inasema wazi kwamba mtu akifa anaweza kupasuliwa na kutazamwa, na sura nyingine inataja urefu wa utumbo. Kumbukumbu za Han zinaeleza kuwa mwaka 16 BK, chini ya Wang Mang, mwasi mmoja aitwaye Wangsun Qing alipasuliwa na tabibu wa ikulu akisaidiwa na wachinjaji. Wakapima viungo, wakaingiza vijiti vyembamba vya mianzi ndani ya mishipa wajue inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukatili, lakini walitaka kujua.

Shida ni kwamba elimu hiyo haikuendelezwa. Suwen sura ya 8 inapoeleza viungo inakupa baraza la mawaziri: moyo ndiye mtawala, mapafu ni waziri mkuu, ini ni jemadari, tumbo na wengu ni wasimamizi wa maghala. Mtawala akiwa na akili timamu walio chini wanatulia. Mimi naisoma kama siasa. China ilikuwa imetoka kuunganishwa kuwa dola moja, na waandishi wakaiona dola hiyo hiyo ndani ya mwili.

Kwa kuwa jina lako linasema wewe ni wa Raskazone, pale ufukweni Tanga, mzee, sura ya 12 ya Suwen inakuhusu. Inazunguka pande za nchi kueleza kwa nini kila mahali kuna tiba yake. Watu wa mashariki, walio ufukweni, wanakula samaki na chumvi nyingi. Samaki wanawatia joto ndani, chumvi inaishinda damu, wanakuwa weusi na majipu hayawaishi, kwa hiyo tiba yao ni kupasua kwa jiwe lenye ncha. Kaskazini kuna baridi, huko ndiko kulikotoka kuchomea majani. Kusini kumetoka sindano. Katikati, watu wa nchi tambarare wenye kula kila kitu, kazi ndogo, wanapata viungo kulegea, na tiba yao ni kukandwa na mazoezi.

Mzee wa Raskazone

Marahaba. Samaki na chumvi umetupata, majipu hapana.

Kandambili

Sasa dawa zenyewe ziko wapi? Bado naona falsafa tu.

Msoma Mikeka

Hapa ndipo napenda mimi. Mtu anaitwa Zhang Zhongjing, mwisho wa Han, karibu mwaka 200 BK. Kwenye utangulizi wa kitabu chake, Shanghan Zabing Lun, anaeleza kwa nini ameandika. Ukoo wao ulikuwa na watu zaidi ya 200. Tangu mwaka 196, ndani ya miaka isiyofika kumi, theluthi mbili wakafa, na saba katika kila kumi kati ya waliokufa waliuawa na homa zinazoanzia na baridi. Halafu anawageukia matabibu wenzake. Anasema wanamtazama mgonjwa kidogo tu, papo hapo wameshamwandikia dawa. Wanashika mapigo ya mkononi, hawafiki ya mguuni. Hawajamaliza hata kuhesabu mapigo. Nani hapa hajakutana na huyo?

Kitabu chake ni cha kazi, si cha falsafa. Mgonjwa akiwa na dalili hizi mpe hiki, zikibadilika badilisha, ukikosea kumpa atafanya hivi, na ikifika hapo rekebisha hivi. Tuchukue dawa ya kwanza kabisa kitabuni, Guizhi Tang. Vitu vitano, na vitatu mnavyo jikoni au mnavijua: vijiti vya mti wa mdalasini, tangawizi mbichi, na kunazi za Kichina kumi na mbili, binamu wa kunazi zetu. Viwili vilivyobaki ni mzizi mtamu wa gancao na mzizi wa ua la shaoyao. Ni ya mtu mwenye homa, anasikia ubaridi wa upepo, na jasho linamtoka.

Lakini angalia maelekezo yake. Maji vipimo saba, moto mdogo, yabaki vitatu. Chuja, kunywa kimoja kikiwa vuguvugu. Subiri kidogo, kisha kunywa uji mwepesi wa moto wa mchele kuisaidia dawa. Jifunike kama saa mbili, mwili mzima utoe jasho jepesi. Jasho lisitiririke kama maji, ukilitiririsha ugonjwa hauondoki. Ukipona kwa kipimo cha kwanza ACHA, usimalize iliyobaki. Usiguse vitu vibichi, vya baridi, vinavyonata, nyama, tambi, vitunguu na wenzake, pombe, wala kilichochacha.

Na makatazo: mwenye homa asiyetoa jasho, mapigo yamekaza, usimpe hii, kumbuka sikuzote, usikosee. Huyo ana dawa nyingine yenye mmea wa mahuang. Wenye duka la dawa mnamjua mjukuu wake: efedrini, iliyotolewa kwenye mmea huo na Mjapani Nagai Nagayoshi mwaka 1885. Mwenye presha akae nayo mbali.

Tangazo la chupa halina lini uache. Zhang kaandika lini uache, nani asipewe, na cha kufanya ukiharibu. Hiyo ndiyo tofauti niliyotaka muione.

Nyongeza: walevi hawapewi Guizhi Tang. Anasema wakinywa watatapika, kwa sababu mlevi hapendi kitamu.

Kandambili

Walevi tunabaguliwa tangu enzi za Han 😂😂

DogoFizikia

Mimi nilisikia dawa ya malaria imetoka kwenye kitabu cha kale. Kweli au chumvi?

Msoma Mikeka

Kweli, na chumvi kidogo imewekwa. Mwaka 1967, tarehe 23 mwezi wa 5, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa Mradi 523 kwa hiyo tarehe. Vita vya Vietnam vilikuwa vinapamba moto na klorokwini ilishaanza kushindwa. Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, na timu yake walipitia dawa za asili zaidi ya 2,000, wakachuja hadi 640, wakapima viini zaidi ya 380 kutoka mimea kama 200. Mmoja ulikuwa qinghao, wa jamii ya pakanga. Mara ya kwanza ulionyesha dalili nzuri, wakirudia haufanyi kazi.

Akarudi kusoma. Ge Hong, mtu wa karne ya 4, aliandika kitabu cha dawa za dharura cha kubeba mkononi, na kwenye sura ya homa za vipindi kuna mstari mmoja: qinghao konzi moja, loweka kwa maji vipimo viwili, kamua, kunywa yote. Kakamua, hakuchemsha! Tu Youyou akashtuka kwamba labda moto ndio ulikuwa unaiua dawa. Akahamia etha, kimiminika cha kutolea dawa kwenye mmea, ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 tu. Mwezi wa 10 mwaka 1971 kiini namba 191 kikamaliza vimelea vyote kwa panya. Nobel ya tiba alipewa 2015. Kutoka hapo ndipo tulipopata dawa mseto, ile ALu tuliyoanza kuitumia Tanzania mwaka 2006 baada ya SP (dawa ya malaria iliyotangulia) kuchoka.

Sasa chumvi iko wapi. Watu wanasema "kitabu kilijua". Kitabu hakikujua. Sura hiyo hiyo ya Ge Hong ina dawa nyingine nyingi za homa hiyo. Mmea wenyewe, ukirudi nyuma hadi kwenye hariri za Mawangdui, ulikuwa dawa ya bawasiri, na kitabu cha kale cha mitishamba kinautaja kwa upele. Aliyejua kipi ni kipi ni maabara. Kitabu kilimpa Tu Youyou wazo la jinsi ya kuandaa, na wazo hilo lilikuwa kubwa.

Binti Chuini

Basi huo mmea nikiupata nikaloweka kama alivyosema Ge Hong si inatosha? Kuna watu wanauza majani yake ya chai.

Msoma Mikeka

Hapana dada, nakuomba sana. Kiasi cha dawa kwenye majani kinabadilika shamba hadi shamba, na kwenye chai ni kidogo. Unaweza kujisikia nafuu siku mbili vimelea vikabaki, na vinavyobaki ndivyo vinavyozoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa malaria, si kutibu wala kukinga. Nenda kapime, malaria ikionekana meza mseto na umalize dozi.

Kichwa Ngumu

Nimeanza kulegea kidogo. Lakini hukutuambia waliua wangapi. Hakuna kitabu cha dawa kisicho na makaburi nyuma yake.

Msoma Mikeka

Makaburi yapo. Shennong Bencao Jing, hicho kitabu cha mitishamba nilichogusia, kinachobeba jina la Shennong, mfalme mwingine wa hadithi, kina dawa 365 sawa na siku za mwaka, kimezigawa madaraja matatu. Daraja la juu, 120, ni zile anazosema hazina sumu, kula muda mrefu, utaishi sana. Daraja la chini, 125, zina sumu, usizidishe. Mpango mzuri. Sasa ukifungua daraja la juu unakutana na dansha, madini mekundu ya zebaki!! Watu waliyala karne na karne wakitafuta kutokufa. Mfalme Wuzong wa Tang, aliyekufa mwaka 846, ni mmoja wa wafalme wanaoaminika kuuawa na dawa za uzima wa milele. Li Shizhen, aliyeandika Bencao Gangmu, kitabu kikubwa chenye dawa 1,892 kilichochapwa 1596 baada ya yeye kufa, aliwashambulia waziwazi waliosema zebaki inampa mtu maisha marefu. Imechukua zaidi ya miaka 1,000 kufikia hapo.

Na si mambo ya kale tu. Miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wanapunguza uzito kwenye kliniki moja walianza kufeli figo. Kwenye vidonge kulikuwa na mmea uitwao fangji, ila kuna aina mbili zenye jina hilo, na wao walipata ile yenye sumu ya asidi ya aristolokiki. Wengine walipata na saratani ya njia ya mkojo. "Mimea haina madhara" ni uongo, tena Shennong mwenyewe angekukatalia, maana theluthi nzima ya kitabu chake ni sumu.

Upande wa pili, hicho hicho kinataja mwani kwa uvimbe wa shingoni, yaani rovu. Iodini ilikuja kujulikana karne ya 19. Kwa hiyo zebaki na mwani vimo ndani ya jalada moja, na kitabu chenyewe hakikuambii kipi uchukue.

Mzee wa Raskazone

Na punda je? Kuna wakati punda walikuwa wanaibwa usiku, unaamka unakuta mwili umechunwa ngozi. Walisema ni dawa ya Wachina. Imo kwenye hivyo vitabu?

Msoma Mikeka

Imo mzee, na ina kisa. Inaitwa ejiao, gundi ya ngozi inayochemshwa, jina limetoka Dong'e, mkoa wa Shandong. Imo kwenye Shennong, ya kuzuia kutoka damu kwa wanawake. Ila maelezo ya zamani yanaonyesha iliwahi kutengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Punda alikuja kutawala baadaye. Kwa hiyo anayekuambia lazima awe punda kwa sababu ya kale, kale yenyewe haimuungi mkono. Umoja wa Afrika umepiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka 15, uamuzi wa mwezi wa 2 mwaka 2024.

Na kuna Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7. Kwenye kitabu chake cha karibu mwaka 652 ameandika maadili ya tabibu: mgonjwa akija usiulize tajiri au maskini, mzee au kijana, mzuri au mbaya wa sura, adui au rafiki, Mchina au mgeni, wote wawe kama ndugu zako. Anaendelea kusema kwamba kuua uhai ili kuokoa uhai kunakupeleka mbali zaidi na uhai, ndiyo maana hapendi kutumia viumbe hai kwenye dawa zake. Wadudu waliokwisha kufa wanaouzwa sokoni anawaruhusu. Ni huyo huyo aliyeweka wanawake na watoto sehemu za mwanzo za kitabu, jambo ambalo waliomtangulia hawakufanya.

Mzee wa Raskazone

Huyo ndiye tabibu. Watu wa ngozi za punda wangemsoma huyo.

nesi_wa_zamu

Kaka nina swali la mwisho, kesho naingia asubuhi. Wote hao wanaandika walivyoponya. Kuna hata mmoja aliyeandika waliomshinda?

Msoma Mikeka

Yupo dada, na ni wa zamani kuliko waandishi wote niliowataja kwa jina hadi hapa. Anaitwa Chunyu Yi, karne ya 2 KK. Habari zake zimo kwenye historia kubwa ya Sima Qian, sura ya 105, sura moja na Bian Que, tabibu anayesimuliwa kusema kuwa kuna wagonjwa wa aina sita hawatibiki, na mmojawapo ni anayeamini waganga wa mapepo kuliko matabibu.

Chunyu Yi alishitakiwa, akapelekwa mji mkuu kuadhibiwa kwa kukatwa kiungo. Alikuwa na mabinti watano, hana mtoto wa kiume. Mdogo wao, Tiying, akamfuata baba njia nzima, akamwandikia mfalme Wen barua kwamba mtu akishakatwa kiungo hata akitubu hakirudi, na yeye yuko tayari kuwa mtumwa ili baba yake aachwe. Mfalme akamsamehe baba, na mwaka 167 KK akafuta adhabu za kukata viungo.

Baadaye mfalme akamtaka aeleze kazi yake, na Chunyu Yi akatoa taarifa za wagonjwa 25. Kila mmoja ameandikwa nani, cheo chake au kazi yake, anakaa wapi, mapigo yalikuwaje, alimwambia nini, alimpa nini, ikawaje. Kuna mjakazi, kuna ofisa, kuna mtu wa ukoo wa kifalme. Wengi walipona. Kadhaa aliwapima akasema hawa watakufa, na akaeleza kwa nini hakuwapa kitu, nao wakafa. Ni kumbukumbu za wagonjwa za zamani kuliko zote tulizonazo za China.

Mfalme akamuuliza swali lako hilo hilo. Unapopima ugonjwa na kuamua nani atakufa na nani atapona, hujawahi kukosea? Akajibu kwamba kabla ya kumtibu mtu hushika kwanza mapigo yake, yakiwa yamekwenda kinyume hatibu, yakiwa sawa ndipo anatibu. Moyo wake usipotulia vizuri kwenye mapigo, mara kwa mara hukosea. Hawezi kuwa mkamilifu.

Zamu njema kesho dada.